Glavu ya Miaka Mitatu

Mwaka ulikuwa 1978 na majira yalikuwa kiangazi, wakati majani ya viwanja vya chuo kikuu yalipokuwa yamekauka na kugeuka rangi ya ukoko wa mkate. Katika kiangazi hicho binti wa dobi alijiunga na Chama cha Upinde, akaharibu kitu kisichonunulika dukani, kisha akatumia miaka mitatu kukirudisha.

Hakuwa amekusudia kujiunga na chama chochote. Alikuwa mwanafunzi mgeni wa wiki mbili tu, na mama yake alikuwa amemwagiza asome, ale, alale, wala asijitie katika mambo yasiyomhusu. Alasiri hiyo alikuwa akitoka maktaba kwa njia ya mkato iliyopita nyuma ya karakana ya useremala, ndipo aliposikia mlio. Ulikuwa mlio mmoja, mkavu na safi, kama wa mtu aliyekung'uta shuka bichi mara moja tu na kuliacha. Masikio yake yalikuwa yamekulia katika mikung'uto ya mashuka, naye aliijua yote. Huo hakuujua.

Alichungulia penye pembe ya karakana akaona banda refu lililokuwa wazi upande mmoja, sakafu yake ya mbao ikiwa imesuguliwa hata ikawa nyeupe. Mbele ya banda palikuwa na uwanja wa majani, na mwisho wa uwanja, umbali wa mita ishirini na nane, palikuwa na tuta la mchanga lililoegemezwa shabaha za karatasi zilizowambwa kwenye pete za mbao. Msichana mmoja alikuwa amesimama ukingoni mwa sakafu, mkononi ana upinde uliomzidi kimo kwa urefu wa mkono mzima. Mshale ulikwisha kwenda. Karatasi ilikwisha kutoboka. Naye bado alikuwa amesimama vile vile, mikono ameitandaza, macho yako kule ulikokwenda mshale, kana kwamba sehemu yake moja ilikuwa haijarudi.

Hata leo, akiwa bibi mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kuitafutia ile ya kusomea, binti wa dobi husema kwamba hajapata kumwona mtu aliyetulia kama yule. Banda lenyewe halipo tena. Wamelivunja, wakamwaga lami, na magari huegeshwa pale palipokuwa na tuta la mchanga. Lakini akipita karibu na karakana yoyote na kunusa vumbi la mbao, mgongo wake hunyooka wenyewe.

"Unapeleleza au unaingia?" sauti ilimuuliza kwa nyuma.

Alikuwa kijana mwembamba aliyekumbatia fungu la mishale. Wenzake walimwita Redio, kwa sababu tangu afike chuoni hakuna aliyewahi kumsikia amezimwa. Alimtazama mgeni juu hadi chini: blauzi yenye kola ambayo ingeweza kukata mkate, sketi yenye marinda yaliyosimama kama askari wa gwaride.

"Mbona umenyooka hivyo, unakwenda kuapishwa?"

Alijibu kwamba alikuwa akitoka maktaba tu.

"Basi karibu ndani, Pasi."

Jina likamganda hapo hapo. Kwa miaka yote aliyokaa chuoni, hata wahadhiri wawili watatu walimjua kwa jina hilo la Pasi, wakidhani ndilo alilopewa na wazazi wake.

Chama kile kilikuwa na historia fupi. Miaka michache kabla yake, mhadhiri mmoja Mjapani aliyefundisha ujenzi wa madaraja alikuja na pinde zake, akaanzisha mafunzo ya sanaa ambayo kwao huitwa kyudo, yaani njia ya upinde. Mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao. Aliacha pinde nane, mishale kadhaa, glavu tano, na mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameshika mafunzo barabara kuliko wote. Mwanafunzi huyo hakuwa kijana. Alikuwa mtunza vyombo wa maabara ya fizikia, mzee mwenye kusema maneno machache, ambaye alikuwa ameandika kwa rangi nyeusi kwenye ubao uliopigiliwa juu ya mlango wa banda: RUDISHA KILA KITU KAMA ULIVYOKIKUTA.

Kwa mwezi wa kwanza Pasi hakugusa upinde. Wageni walikuwa kumi na mmoja, na kazi yao ilikuwa kusugua sakafu, kulowesha tuta la mchanga lisiporomoke, kubandika karatasi mpya penye shabaha, kuokota mishale na kuifuta mmoja mmoja kwa kitambaa kabla ya kuirudisha. Walipomaliza hayo walipewa fimbo fupi iliyofungwa kipande cha tyubu ya baiskeli, wakafundishwa kukivuta kwa hatua nane: kupanga miguu, kunyoosha mwili, kuandaa, kuinua, kuvuta, kutimia, kuachia, na ya mwisho, ambayo mzee wa maabara aliisisitiza kuliko zile saba nyingine, kubaki. Maana yake ni kwamba mshale ukishatoka, upate usipate, mpigaji hubaki kama alivyo mpaka pumzi yake itulie. Mtu asijichekee kwa kupata wala asijikunje kwa kukosa.

Wageni wanane waliona hayo ni mambo ya kupotezeana wakati, wakaenda zao kwenye chama cha muziki. Wakabaki watatu. Pasi alikuwa mmoja wao, na haikumgharimu sana kubaki. Kwao alikuwa amelelewa kwa kunyoosha, kukunja, kupanga na kungoja vitu vikauke.

Msichana yule wa siku ya kwanza ndiye aliyekuwa kiongozi wa chama. Alikuwa akisomea ufamasia, mwaka wa mwisho, na jina lake la chamani lilikuwa Rula, kwa kuwa alisimama wima hata alipokuwa akila. Hakuwa mtu wa kusifu. Alipopita nyuma ya mgeni anayevuta mpira wake, angemgusa bega kwa ncha ya kidole, bega likashuka, naye akaendelea mbele bila neno. Pasi alianza kumwita dada, kisha akaanza kumwogopa, kisha akaanza kutamani kuwa yeye. Na mambo hayo matatu hayakupishana kwa zaidi ya wiki moja.

Siku moja Rula alimwita pembeni, akamwambia anyanyue kiganja cha kulia. Akakiambatanisha na chake. Vidole vya mmoja vilifika pale pale vilipofika vya mwenzake, hata kidole gumba.

"Kumbe," Rula alisema. "Mkono mmoja, watu wawili."

Neno hilo Pasi alilala nalo na kuamka nalo.

Sasa ni lazima ieleweke glavu ya upinde ni kitu gani. Si glavu ya kukinga baridi. Huvaliwa mkono wa kulia peke yake, hufunika kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata, na hushonwa kwa ngozi laini iliyofukizwa moshi. Ndani ya kidole gumba mna kipande cha mbao, na kwenye shina la kidole hicho pana mfereji mdogo ambamo upote, yaani kamba ya upinde, hunaswa. Hufungwa kwenye kifundo cha mkono kwa ukanda mrefu. Ikiwa mpya, huwa ngumu kama kiatu cha shule. Mwenyewe huivaa siku baada ya siku, ngozi ikajifunza mkono wake: ikajua mahali pa kukunjika, mahali pa kukaza na mahali pa kuachia. Hapo ndipo upote huondoka wenyewe, bila ya mtu kuuachia, na ule mlio mkavu na safi hutoka.

Katika glavu tano alizoziacha Mjapani, nne zilikuwa kubwa, za wanaume. Moja tu ilikuwa ndogo, nayo alimpa Rula siku Rula alipojiunga, ikiwa mpya kabisa. Alikuwa ameivaa miaka mitatu.

Siku ya Ijumaa, siku tatu kabla ya wageni kupimwa mbele ya mzee kama wanafaa kupiga shabaha, Rula aliivua glavu hiyo na kumpa Pasi. Alimwambia afanye mazoezi nayo Jumamosi kwenye tita la majani makavu, kwa sababu glavu za wanaume zingemharibu mkono. Akamwagiza kwamba ndani yake huvaliwa kiglavu chepesi cha pamba cha kunyonya jasho. Hicho akifue, kisha alete vyote viwili Jumatatu. Alikuwa na haja nayo, maana wiki mbili baadaye kulikuwa na mashindano na vyuo viwili vingine, na mzee alikuwa amempanga apige wa mwisho. Nafasi hiyo ya kufunga safu haikuwahi kupewa mwanamke.

Pasi alifanya mazoezi Jumamosi nzima. Kwa mara ya kwanza alisikia upote ukilia kwa mkono wake mwenyewe. Alirudi nyumbani kwao anatembea juu juu, kama aliyevaa viatu vya kuazima.

Nyumba ya mama yake ilikuwa na vyumba viwili na ua uliojaa kamba. Jumapili asubuhi mama alikwenda kupeleka mashuka ya nyumba ya wageni. Pasi akakifua kiglavu cha pamba kama alivyoagizwa, akakianika. Kisha akaiweka glavu yenyewe juu ya goti akaitazama. Kidole gumba kilikuwa cheusi kwa unga wa utomvu unaopakwa ili vidole visiteleze. Kiganja kilikuwa na doa la jasho lenye umbo la jani. Aliwaza ubao ulio juu ya mlango wa banda. Aliwaza pia sheria ya nyumba yao, iliyokuwa kongwe kuliko ubao ule: kitu cha watu hakirudi kwa watu na uchafu. Binti wa dobi arudishe kitu na doa? Watu wangesemaje?

Akaitia majini.

Alitumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya mche na brashi laini, kwa uangalifu wote aliofundishwa. Maji yalitoka ya kahawia, akayamwaga. Yakatoka ya njano, akayamwaga. Yalipotoka meupe aliona fahari. Akaibana glavu kambani kwa vibanio viwili, juani, kati ya foronya na kiglavu chake cha pamba.

Adhuhuri ilipofika, glavu ilikuwa imekuwa gome. Ilikuwa imesinyaa na kujikunja kama ukucha wa ndege mfu. Gundi ya ndani ilikuwa imeyeyuka, na kile kipande cha mbao kiligongagonga ndani ya kidole gumba kila alipoitikisa. Aliipaka mafuta ya nywele. Ikawa gome lenye mafuta.

Mama yake aliporudi alimkuta amekaa chini, hajui kama amekaa au amesimama. Alikichukua kile kitu, akakigeuza, akakinusa, na akafahamu yote kabla ya kuambiwa. Hakupaza sauti. Alimkumbusha tu kwamba kila nguo iliyowahi kuingia katika ua ule iliulizwa kwanza: kidole huloweshwa, hupigwa mahali pasipoonekana, penye pindo, kisha mtu hungoja aone kitambaa kitasema nini.

"Miaka yote hii umeniona ninauliza," mama alisema. "Leo wewe hukuuliza."

Pasi alisema kwamba hangerudi chamani. Angeipeleka glavu kwa mtu mwingine aifikishe.

"Ukikimbia, nani atalipa?" mama aliuliza, akaenda kuwasha mkaa wa pasi.

Jumatatu Pasi alijikaza kisabuni akaenda. Alikuwa ameifunga glavu katika leso iliyonyooshwa, na leso hiyo ilimwongezea aibu, kwa kuwa ilimfanya Rula atabasamu alipoipokea. Rula aliifungua. Alijaribu kuingiza vidole; havikupita kwenye vifundo. Redio, aliyekuwa akisimulia kisa cha mpishi wa bweni lao, alikatika katikati ya neno. Banda zima lilisikia ukimya wake.

"Uliifua?" Rula aliuliza.

"Ndiyo, dada."

"Kwa sabuni gani?"

"Ya mche."

Rula aliigeuza upande wa kiganja, pale palipokuwa na doa la jani.

"Imetakata," alisema.

Aliifunga tena katika leso, akaiweka rafuni, akaenda kuchukua moja ya zile glavu nne kubwa. Mzee wa maabara aliutazama ubao wake wa juu ya mlango kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma upya barua aliyoiandika mwenyewe. Kisha akawaita wageni watatu wapimwe. Pasi alipita. Ingekuwa afadhali angeanguka.

Wiki mbili zile Rula alifanya mazoezi kwa glavu kubwa aliyoishindilia kitambaa ndani. Siku ya mashindano vyuo vilikuja na mabasi, watu wakajipanga kivulini. Kazi ya Pasi ilikuwa kuokota mishale, kwa hiyo alikaa nyuma ya kizingiti cha mbao kando ya tuta, mahali ambapo mtu huona mishale inavyofika bila ya kumwona aliyeipiga. Rula alikuwa na mishale minne. Wa kwanza ulitoboa karatasi. Wa pili ukatoboa. Wa tatu ulipita ukingoni kabisa, lakini ulihesabiwa. Kabla ya wa nne palikuwa kimya, kisha ukaja mlio. Haukuwa ule mlio. Ulikuwa kama mtu aliyedondosha shuka badala ya kulikung'uta. Mshale ulikuja chini chini, ukateleza majanini, ukalala hatua saba kabla ya mchanga.

Kidole gumba kilikuwa kimezunguka ndani ya glavu isiyo yake. Chuo chao kilishindwa kwa mshale huo mmoja.

Pasi alipotoka kuuokota alitazama bandani. Rula alikuwa amesimama, mikono ameitandaza, macho yako pale mshale ulipoangukia. Alibaki hivyo muda ule ule aliokuwa akibaki siku zote, bila ya kupunguza wala kuzidisha. Katika maisha yake Pasi amewaona watu wengi wakishinda, na amesahau karibu wote. Kule kubaki kwa aliyekosa hakukusahau.

Mtihani wa mwisho ulipopita Rula alipangiwa kazi katika hospitali ya mji wa mbali. Siku ya kufunga sanduku lake Pasi alimwendea bwenini. Alikuwa ameyapanga maneno kwa siku kumi, na yote yakamtoroka mlangoni. Alichoweza kusema ni kwamba angelipa.

"Utalipa nini?" Rula aliuliza. Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa nayo. "Glavu si kitu, mdogo wangu. Ngozi na uzi. Nilichokuwa nacho mle ndani ni miaka mitatu. Hiyo utainunua wapi?"

Akachukua leso juu ya meza yake, ile ile aliyokuwa ameitoa bandani, na gome lake ndani, akampa.

"Shika. Kwangu haina kazi."

Mjomba wake Pasi, kaka yake mama, alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango na nusu, na ndani yake mjomba alikaa kama kiatu kilichokaa katika sanduku. Pasi alimwekea glavu juu ya meza yenye misumari, akaeleza. Mjomba alicheka mpaka akatoa misumari mdomoni ili asiimeze.

"Ngozi kwa sabuni ya mche? Mama yako kakulea vizuri mno, huo ndio ubaya wake."

Alipokwisha kucheka, alichukua kisu chembamba, akaifumua glavu mshono baada ya mshono, akavitandaza vipande juu ya gazeti. Ramani yote ilikuwa hapo. Alisema kushona angeweza, kwa ngozi ya mbuzi aliyoipika na kuifukiza mwenyewe, na kidole cha mbao angekichonga. Lakini akaonya kwamba itakuwa mpya, na kitu kipya hakina adabu, kinamng'ata kila mtu. Akaongeza, akiwa tayari anapima kwa uzi, kwamba zamani alikuwa na mteja tajiri mwenye miguu mibovu. Tajiri huyo, kila akinunua viatu, alimpa mdogo wake avivae mwezi mzima kwanza, kwa kuwa miguu yao ilikuwa ya namna moja. Mdogo mtu aliumia malengelenge, mkubwa mtu akatembea kwa raha.

Pasi aliutazama mkono wake wa kulia.

Mjomba aliharibu mbili kabla ya kupata moja. Ya tatu ilipokamilika Pasi aliipeleka kwa mzee wa maabara, akamweleza aliyokusudia. Mzee aliukunja ukanda, akaukunjua, akaubonyeza mfereji wa kidole gumba kwa ukucha.

"Miaka mitatu ni miaka mitatu," alisema. "Wiki moja pungufu, haihesabiki."

Basi Pasi akaivaa. Aliivaa asubuhi kabla ya darasa, umande ukiwa ungali majanini, na aliivaa alasiri wakati jua lilipoingia bandani kwa ulalo na vumbi la mbao kutoka karakana likaelea ndani yake. Mwaka wa kwanza ilimchubua shina la kidole gumba. Alivumilia, akijua kwamba kila lengelenge lililomtoka yeye lilikuwa limemwepuka mtu mwingine. Mwaka wa pili ilianza kukunjika. Hakumwazima mtu yeyote, naye Redio, aliyekuwa ameiomba mara mbili kwa mzaha tu, alitangaza chuo kizima kwamba Pasi ameposwa na glavu. Hata hivyo Redio huyo huyo ndiye aliyekuwa akimtengea unga mzuri wa utomvu, akijifanya kwamba umembakia. Likizo zilipofika Pasi aliibeba nyumbani, na mama yake akampigilia msumari ndani ya kabati, mbali na maji, wa kuitundika.

Jambo ambalo hakulitazamia lilikuja mwaka wa tatu. Glavu ilimjua. Aliingiza mkono nayo ikamshika, kama mtu anavyoshikwa mkono na nduguye gizani bila ya kuulizana majina. Upote ulianza kuondoka wenyewe. Ule mlio aliousikia nyuma ya karakana akiwa mgeni wa wiki mbili sasa ulikuwa wake. Wakamfanya kiongozi. Katika mashindano ya mwisho mzee alimweka afunge safu. Alipiga minne, yote minne ikatoboa. Alibaki, mikono ameitandaza, na katika kubaki huko aliona kwamba hakutaka kuitoa.

Alikaa na jambo hilo siku kadhaa. Hakumwambia mtu. Angeweza kumshonea Rula nyingine mpya, na nani angemlaumu? Rula mwenyewe hakuwa amedai kitu. Jumapili moja, nyumbani, aliiteremsha kwenye msumari wake kabatini. Kiganjani palikuwa pameanza kutokea doa la jasho. Lilikuwa na umbo la jani.

Jumatatu alipanda basi.

Mji ulikuwa mbali, saa tisa za barabara. Hospitali ilikuwa na ukumbi mrefu wenye mabenchi, na mwisho wake dirisha la dawa lenye kijishimo cha kupitishia mkono. Pasi alipanga foleni kama wagonjwa wengine. Alipofika mbele aliona vidole vikihesabu vidonge kwenye trei, viwili viwili, na alimtambua mwenye vidole kabla ya kuinua macho.

"Cheti chako," Rula alisema bila ya kumtazama.

Pasi alipitisha leso kwenye kijishimo.

Rula aliitazama leso. Kisha akamtazama mtu. Alimwomba mwenzake amshikie dirisha, akatoka kwa mlango wa pembeni, wakaenda uani nyuma ya ghala la dawa. Pale, chini ya paa la bati, palikuwa na tita la majani makavu lililofungwa kwa kamba za maboksi, na upinde aliojichongea mwenyewe umeegemezwa ukutani. Alieleza kwamba huvuta kidogo baada ya kazi, kwa mkono aliouzungushia bendeji, ili asisahau hatua nane. Shabaha hakuwa amepiga tangu siku ile ya mashindano.

"Hiyo si ile," alisema, akiwa ameikunjua leso.

"Si ile. Ile aliifumua mjomba, akashona hii. Nimeivaa mimi, dada. Miaka mitatu, na wiki mbili juu yake."

Rula alikaa juu ya sanduku la dripu, akainyoosha glavu juu ya goti lake, akaingiza kidole gumba, kisha viwili vilivyofuata. Iliingia. Haikukwama kwenye vifundo wala haikuzunguka. Alikunja vidole taratibu, ngozi ikakunjika pale pale ambapo mkono wake ulikuwa umezoea kukunjika, zaidi ya miaka mitatu iliyopita, kabla ya sabuni. Alikunja tena. Pasi alisimama mbele yake, akiutazama mkono wake mwenyewe katika mwili wa mtu mwingine.

"Na wewe utapigia nini?"

"Mjomba anashona nyingine. Nitaanza upya."

Rula aligeuza kiganja juu, kwenye mwanga.

"Ina doa hapa," alisema.

"Sikuifua, dada."

Rula alicheka, na Pasi akatambua kwamba katika miezi yote waliyokuwa pamoja hakuwahi kusikia kicheko hicho. Kisha Rula akanyoosha mkono wa kulia mbele, kifundo juu, kama mpigaji anavyomnyooshea mwenzake anayemwamini. Pasi akapiga magoti. Akaushika ule ukanda mrefu, akauzungusha mara moja, mara mbili, mara tatu, akaichomeka ncha yake ndani, akaukaza.